Kamera ya kwanza ya DSLR: watoto kutoka na ukungu katika picha za ndani

Ndugu wanajumuiya,

Natumaini nyote hamjambo. Nimenunua kamera yangu ya kwanza ya DSLR (ile ya kubadilishwa lenzi), iliyokwisha kutumika, pamoja na lenzi yake ya milimita 18-55, kwa nia ya kuwatumia wazee picha za wajukuu wao wanavyokua. Mchana tukiwa nje picha zinapendeza, lakini jioni ndani ya nyumba watoto wanatoka na ukungu, ilhali kochi na pazia zilizo karibu nao zinaonekana vizuri kabisa. Picha moja ya juzi inaonyesha namba hizi: 1/15, f/5.6, ISO 400, milimita 55. Nimeshauriwa ninunue kamera kubwa zaidi. Naomba maoni ya mwenye uzoefu kabla sijaingia gharama nyingine.

*

Dada yangu,

Umefanya vyema kuziandika namba hizo, maana jibu limo humo humo. Tafadhali usinunue kamera nyingine. Namba ya 1/15 ina maana kwamba shata, yaani pazia dogo lililo mbele ya sensa (kipande kinachonasa picha), lilikaa wazi kwa sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, na mtoto anayecheza huwa amekwisha kusogea kabla halijafunga. Kochi limetoka vizuri kwa sababu halisogei, na yaelekea lenzi yako ina kitulizaji ndani yake, ambacho huzuia mtikisiko wa mkono wa mpigaji lakini hakina uwezo wowote juu ya mtoto anayeruka. Kwa mtoto aliyekaa akichora unahitaji walau 1/125, na kwa anayekimbia 1/500 au zaidi.

Mwanga unaopotea kwa kuharakisha shata hauna budi kupatikana kwingine, na kwingine kwenyewe ni kuwili tu. Kwanza ni upenyo wa lenzi, ule unaoandikwa kwa f, ambao namba yake ikiwa ndogo tundu huwa kubwa na mwanga huingia kwa wingi. Lenzi za aina yako hufikia f/3.5 zikiwa kwenye milimita 18, lakini kadiri unavyovuta ili kumleta mtoto karibu, tundu hupungua hadi f/5.6. Kwa hiyo usivute, msogelee mwenyewe. Ukirudi kwenye milimita 24 hivi utapata takriban f/4, yaani mwanga maradufu ya ule wa juzi. (Sikushauri kumkaribia sana mtu ukiwa kwenye 18, kwa kuwa pua hukua na uso hupotoka.) Pili ni ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, ambayo ukiipandisha kutoka 400 hadi 1600 inakupa mara nne. Mbili mara nne ni nane, na 1/15 ikiharakishwa mara nane inakuwa 1/120. Umekwisha kupata kasi uliyoihitaji, kwa kamera ile ile na lenzi ile ile. Chembechembe zitaonekana kidogo kwenye ISO 1600, nazo si tatizo la kukukosesha usingizi: picha yenye chembechembe hutazamika, bali uso uliofutika kwa kusogea hakuna programu itakayourudisha ipasavyo.

Wengi humtaka mgeni wa kamera aanzie kwenye M na kupanga kila kitu kwa mkono. Sikubaliani nao, hasa kwa mtu mwenye watoto, kwa kuwa wakati unatafuta namba, tukio limekwisha kupita. Ndani ya nyumba weka gurudumu kwenye S, ambayo kwenye kamera za Canon huandikwa Tv, chagua 1/125, kisha iache kamera ijichagulie ISO, ukiiwekea kikomo cha 3200. Ukiwa nje na mtu aliyetulia, nawe unataka mandhari ya nyuma yafifie, hamia A, au Av kwa Canon, na uchague upenyo wewe.

Jambo ambalo maelekezo mengi hulipita haraka, nami naliona kubwa kwetu, ni namna kamera inavyopima mwanga. Kipimo chake hakijui kama kinatazama uso, ukuta au theluji. Hukisia tu kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vina weupe wa kijivu cha kati. Mtoto mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huuona ukuta, hupunguza mwanga, na uso hutoka kama kivuli kisicho na macho. Bonyeza kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze hadi +1, kisha utazame uso kwenye kioo cha nyuma, si ukuta. Kinyume chake hutokea uso huo huo unapojaza picha nzima: kamera hudhani pana giza, huongeza mwanga, na ngozi hupauka ikawa kama imepakwa majivu. Hapo punguza kwa kitufe hicho hicho theluthi moja au mbili ya hatua (-0.3 au -0.7). Ngozi zetu zina rangi nyingi ndani yake, na inaniuma kila ninapoona zimepotea kwa sababu ya kitufe ambacho hakuna aliyemwonyesha mpigaji.

Halafu mwite mtoto karibu na dirisha kila inapowezekana, kwani taa ya darini hutia vivuli kwenye macho, na flashi ya juu ya kamera ikimulika usoni moja kwa moja hung'arisha paji la uso na kuacha chumba gizani.

Baadaye, ukipenda kuongeza kitu, ongeza lenzi. Ya milimita 35 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara tano ya f/4, na inatosha ndani ya chumba, tofauti na ya milimita 50 ambayo kwenye kamera zenye sensa ndogo kama za wanaoanza huonyesha eneo finyu, mithili ya lenzi ya milimita 75 au 80 kwenye kamera zenye sensa kubwa. Kama yako ni Nikon ya ngazi ya kwanza, kwa mfano D3500, hakikisha lenzi imeandikwa AF-S au AF-P, kwa kuwa kamera hizo hazina mota ya fokasi (ya kulenga ili picha itoke kali), na lenzi ya zamani iliyoandikwa AF peke yake utalazimika kuizungusha kwa mkono.

*

Kaka, nakushukuru sana. Leo nimejaribu S na 1/125 na tofauti naiona. Limebaki moja: ninapotazama kwenye kitundu cha kamera, hata zile namba za chini zina ukungu. Je, niliuziwa kamera mbovu?

*

Hapana, dada. Pembeni ya kitundu hicho pana kigurudumu kidogo sana, na huenda mwenye kamera wa awali alikirekebisha kufuata macho yake. Elekeza kamera kwenye ukuta mtupu, tazama zile namba wala si ukuta, kisha kizungushe polepole mpaka zisomeke bila kukaza macho. Kama huvaa miwani unapopiga picha, basi ivae pia unapofanya marekebisho hayo. Picha zenyewe hazitaathirika, kwa kuwa fokasi hupimwa na kamera yenyewe kwa sensa iliyo mahali pengine.