Mjadala: Mabanda ya Tekken mtaani yafungwe, au yapangiwe saa?

Mleta mada, Chang'ombe:
Wadau wa Dodoma, kwenye mkutano wa mtaa wetu imeletwa hoja kwamba mabanda yote ya gemu, haya yanayochezesha Tekken, gemu ya video ya kupigana mmoja kwa mmoja, yafungwe kwa kuwa yanawafundisha watoto kamari na ngumi. Napinga, na naanza na hiyo kamari maana ndiyo inayoniudhi.

Mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu haijali unajua nini. Tekken inajali. Vitufe vinne vya pedi, yaani kile kifaa cha kuchezea kinachoshikwa mkononi, ni viungo vinne: mkono wa kushoto, wa kulia, mguu wa kushoto, wa kulia. Kombo kubwa, yaani mfuatano wa mapigo, huanza na pigo la kumrusha mpinzani juu, halafu unampokea kwa mapigo kabla hajagusa chini. Akiwa hewani hawezi kukinga, ila kadiri mapigo yanavyofuatana nguvu ya kila pigo inapungua, kwa hiyo lazima ujue lipi litangulie na lipi la kumalizia. Ukilirusha ovyo lile la kwanza na mwenzako akalikinga, wewe ndiye unayebaki wazi unaliwa. Gemu inakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, na ngumi ya haraka ya wahusika wengi inafika kwa fremu 10. Bahati inaingilia wapi hapo?

Mama wa watatu, Nkuhungu:
Mdogo wangu, umeandika vizuri, ila inaonekana bado hujalea. Mwanangu nampa nauli ya daladala, anarudi kwa miguu, nauli imeishia kwa huyo Eddy wenu wa kwenye Tekken. Acheze kwa akili au kwa bahati, hela imekwenda na daftari halijafunguliwa. Na ile ya kukata watu vichwa nayo ni akili?

Fundi pedi, Majengo:
Shikamoo mama. Vichwa vinakatwa kwenye Mortal Kombat, siyo Tekken. Ile ya mwaka 1992 ilizua kelele hadi ikajadiliwa Seneti ya Marekani Desemba 1993, na 1994 kikaanzishwa chombo cha kupanga gemu kwa umri, ESRB. Umri unaandikwa kwenye kasha. Sisi huku gemu zinaletwa kwenye flashi, kasha hakuna, na mwenye banda naye hajui anachezesha nini. Hapo ndipo pa kubana.

Tekken yenyewe ilitoka kwa Namco ya Japani mwaka 1994 kwenye mashine za kumbi za michezo, 1995 ikaingia PlayStation. Ya tatu, 1997, ndiyo iliyofanya kukwepa pembeni kuwe silaha ya kila mhusika. Ndiyo pia iliyomleta Eddy Gordo, Mbrazili wa kapoera, sanaa ya mapigano ya kwao, ambaye kila asiyejua kucheza anamchagua na kuponda vitufe vya mateke. Eddy huyo, mama akisema apigwe marufuku, mimi nasaini.

Mwalimu, Kikuyu:
Mleta mada, hoja yako inakugeukia. Kamari ya sarafu mtoto akiishiwa hela anaondoka. Kitu chenye ujuzi hakimwachii: akipigwa leo anataka kesho arudi alipize. Wanafunzi wangu wanachora mfuatano wa vitufe nyuma ya madaftari. Wangechora kanuni za aljebra hivyo ningestaafu kwa amani.

Mwanachuo, UDOM:
Mwalimu, Arslan Ash, mchezaji wa Tekken wa Lahore, Pakistani, mwaka 2019 alichukua EVO Japan, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, halafu mwaka huohuo akachukua EVO ya Las Vegas. Mabingwa wa Korea na Japani walikuwa hawamjui. Hatujui nani amekaa Majengo sasa hivi.

Mwalimu, Kikuyu:
Hongera kwake. Mtu mmoja wa Lahore hawezi kuwa sera ya mtaa wetu.

Mleta mada, Chang'ombe:
Mwalimu amenibana kwenye la kulipiza, sina jibu zuri. Lakini tukifunga mabanda, yatahamia vyumba vya uani ambako mtendaji hafiki. Napeleka mkutanoni haya: sare ya shule isiingie ndani, siku za shule pedi zisiguswe na mwanafunzi kabla ya saa kumi jioni, na mashine za sarafu zitoke kabisa kwenye mabanda haya, maana kamari kisheria ni kuanzia miaka 18 na hilo halihitaji mjadala.

Mama wa watatu, Nkuhungu:
Saa kumi wangu bado yuko njiani kutoka shule, atapitia hukohuko. Andika saa kumi na moja, na mwenye banda aweke namba yake ya simu mlangoni. Hapo nitakuja mkutanoni.