Re: Ofisi ya msaada wa umeme inatangaza nafasi kwenye X tu

Mama Neema, Phoenix magharibi, Arizona:
Ndugu zangu, mniwie radhi kuwaandikia usiku. Ofisi inayopokea maombi ya LIHEAP, ule msaada wa serikali wa kulipia umeme, upande wetu imeacha kupokea simu. Ukipiga, sauti inakuambia nafasi za miadi zinatangazwa kwenye ukurasa wao wa X. Mimi X sina. Kijana wangu ameufungua bila akaunti, yanatoka matangazo ya miaka iliyopita, ya leo hayaonekani. Bili imeshafika na AC naiwasha usiku tu, watoto wapate kulala. Mchana tunajilaza sakafuni na khanga zilizoloweshwa, feni inazunguka. Kuna aliyepata miadi bila X? Alipitia wapi?

Baba Brayo, Mesa:
Pole sana, mama. X wako hivyo tangu 2023. Usipoingia na akaunti wanakuonyesha posti zilizopendwa sana, si za karibuni. Mimi hata maonyo ya joto nayasoma weather.gov. Lakini kuhusu stima usiogope, kuanzia 1 Juni mpaka 15 Oktoba hawaruhusiwi kukukatia. Nilikuwa na deni kiangazi kizima na hakuna aliyenigusa. Washa AC.

Mwanaidi, Tempe:
Baba Brayo, usimwambie mtu hivyo kabla hujamuuliza kampuni yake ni ipi. Marufuku hiyo ni ya Arizona Corporation Commission, tume ya jimbo inayosimamia kampuni za umeme, na si kila kampuni ya umeme hapa iko chini ya Tume hiyo. Halafu deni halifutwi, linajumlishwa tu, Oktoba utalikuta palepale. Tume yenyewe ilistuka baada ya yule bibi wa Sun City West, 2018. Alilipa dola 125, ikabaki 51, wakamkatia mwezi wa tisa, akafia ndani. Mama Neema, mita yako ni ya kununua umeme kwanza, kama LUKU, au unaletewa bili mwisho wa mwezi?

Baba Brayo:
Dada, amesema bili imefika. Soma kwanza.

Shangazi Riziki, Glendale:
Acheni kuzozana, mama ana watoto sakafuni. Mama Neema, feni hiyo izime chumba kikishakuwa na joto kupita la mwili. Inakupulizia hewa ya moto na kukukausha zaidi. Mimi nafanya usafi hospitalini na kila Julai nawaona watu wetu wanaletwa wakiwa wamelegea, na wengi wanaapa kwamba hawakutoka jasho. Jasho la hapa hulioni, linakauka kabla hujalifuta. Angalieni fulana nyeusi ya mtu aliyerudi kazini: mgongoni pana michirizi myeupe ya chumvi. Huyo mpe maji na kitu chenye chumvi kidogo, asingoje kiu. Na watoto wasitoke pekupeku hata kufika kwenye gari. Lami ya saa tisa alasiri inafika nyuzi 70 za Selsiasi, nyayo zinababuka mara moja. 2023 kaunti hii ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vya joto.

Mzee Ndayi, Phoenix:
Ile 2023 naikumbuka, 43 na zaidi siku 31 mfululizo. Usiku nao haukupoa. Bujumbura joto lipo, lakini jioni upepo wa ziwa unakuja, unakaa nje na jirani mpaka chakula kiive. Hapa nimekaa miaka na jirani sijui jina lake, kila mtu amejifungia na mashine yake. Mama Neema, nenda ofisini mwenyewe, udai mkalimani wa Kiswahili. Ila nasikia Trump amefuta haki ya mkalimani, na SNAP, ule msaada wa chakula, ya wakimbizi imeondolewa, kwa hiyo sijui kama LIHEAP bado ipo.

Mwanaidi:
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo nakukatalia. Kilichofutwa Machi 2025 ni amri ya rais ya mwaka 2000. Title VI, inayokataza ubaguzi kwenye huduma zinazopewa fedha za serikali kuu, ni sheria ya 1964 na haijafutwa. SNAP kweli imebanwa kwa wakimbizi wasio na green card, sheria ya Julai 2025. LIHEAP ni mfuko mwingine. Tukizichanganya humu, watu wataacha kuomba kilicho haki yao.

Juma, Chandler:
Mimi linaloniuma ni hili la ofisi ya umma kumlazimisha mama afungue akaunti kwa tajiri ndipo ajue miadi ni lini. Kwetu Tanzania tumeona mwisho wake. X ilifungwa Mei 2025, na VPN tangu 2023 unatakiwa uisajili TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Oktoba 29 siku ya uchaguzi wakazima intaneti yote, huku tukawa tunapiga simu za WhatsApp zisizoita, hatujui nani mzima. Tangazo la serikali libandikwe mlangoni na lisomwe redioni. Anayeweza kufungiwa mtandao atafungiwa na huduma.

Baba Brayo:
Juma, Kenya pia intaneti iliyumba Juni 2024, siku ya maandamano, baada ya kuahidiwa haitaguswa. Lakini hapa si kufungwa na serikali, ni uvivu wa ofisi. Usizilinganishe.

Juma:
Kwa mama aliyekosa miadi tofauti iko wapi?

Shangazi Riziki:
Mama Neema, kesho piga 211, namba ya simu ya msaada, waulize kituo cha kupoa kilicho karibu na kama wana usafiri. Na nyumba ikiwa ya kupanga ndani ya jiji la Phoenix, AC ya mwenye nyumba lazima iweze kushusha joto mpaka 82 Farenhaiti. Isipoweza, ni kosa lake. Jumatatu sina zamu. Nitakupitia saa moja asubuhi kabla jua halijakolea, twende ofisini pamoja. Chukua bili, lease, namba za SSN (hifadhi ya jamii) za watoto wote, I-94 (karatasi ya kuingilia nchini) na stabu za mshahara. Watoto nao waje, garini mna nafasi na AC inafanya kazi.