Mama amejifungia ndani tangu baba afariki, na ameanza kusahau. Naombeni ushauri

Mtoto wa Pili: Wakuu, habari za leo. Mama yangu ana miaka 74. Baba alifariki mwaka juzi, na tangu hapo mama amekuwa mtu wa ndani. Zamani kikundi chao cha akina mama hakikosi hata mvua inyeshe, sasa hakanyagi. Wageni wakija anakaa nao dakika tano, anaaga, anaenda kulala.

Kinachonitisha ni usahaulifu. Nilimwambia kwa simu kwamba mdogo wangu amejifungua, akajibu, "Haya mwanangu, haya." Siku mbili baadaye anashangaa: "Kajifungua lini? Mbona hamkuniambia?"

Nimesoma kuwa upweke unaleta dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Nataka nimhamishie kwangu, ila sote tunatoka asubuhi na kurudi usiku. Nimchukue tu?

Bila Kona: Mchukue leo leo. Mama ni mmoja.

Dada Mkubwa: Bila Kona, taratibu. Mimi nilimhamisha baba. Kwake alikuwa anatembea gizani bila kugusa ukuta. Kwangu usiku akawa haoni choo kilipo. Mchana kutwa yeye na televisheni. Alikuwa mpweke kuliko alikotoka, na nyumba imejaa watu.

Muuguzi Mstaafu: Pole, Mtoto wa Pili. Kwanza, kujitenga kunaongeza hatari ya dimenshia, lakini na dimenshia yenyewe ikianza humfanya mtu ajitenge. Kwa hiyo usijihukumu.

Ripoti ya jarida la The Lancet ya 2024 ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yote, karibu 45% ya wagonjwa wa dimenshia duniani huenda wasingeupata, au wangechelewa kuupata. Kutengwa na watu kumo, 5%. Kupungua kwa usikivu ni 7%. Hizo ni hesabu za watu wote kwa jumla, hazimpimi mama yako.

Sasa nijibu: televisheni anaifungulia sauti kiasi gani? Na mkikaa uso kwa uso, anasahau vilevile?

Mtoto wa Pili: Umenigusa. Televisheni hata majirani wanaisikia. Na kikundini wanaongea ishirini kwa mpigo! Uso kwa uso alinisimulia harusi ya dada yangu bila kukosea jina hata moja. Lakini funguo nilizikuta kwenye kopo la sukari. Hapo masikio yanahusika vipi?

Muuguzi Mstaafu: Hayahusiki, ndiyo maana apimwe vyote. Masikio kwanza, wakati mwingine ni nta tu, ila msimchokonoe kwa pamba. Halafu damu: vitamini B12 na tezi ya thairoidi. Aulizwe kuhusu sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, amefiwa na mume huyu. Beba dawa zake zote, hata za mafua na usingizi. Baadhi huvuruga kumbukumbu za wazee. Na siku akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Dada Mkubwa: Na acheni kumpa mtihani kila mkipiga simu. "Mama, leo tarehe ngapi? Mimi nani?" Nani atapenda kupokea simu kama hiyo? Tafuta rafiki yake mmoja wa kikundini aje kumpitia, waanze wawili tu, mahali pasipo kelele.

Bila Kona: Kwa hiyo masikio yakiwa mabovu, akivaa shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia kusikia, dimenshia basi?

Muuguzi Mstaafu: Hapana. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2023 uliwafuatilia wazee miaka 3. Kwa kundi zima vifaa hivyo havikuonyesha tofauti. Kwa wale waliokuwa na hatari kubwa, kumbukumbu na fikra zilishuka kwa kasi ndogo kwa 48%. Ila avae kila siku. Wengi hukivua wiki ya kwanza kwa sababu kila kitu kinapiga kelele, kinaishia kabatini.

Mtoto wa Pili: Mrejesho, wakuu. Nta imetolewa, na bado sikio la kulia limepungua sana, amepewa shimesikio. B12 ilikuwa chini, anachomwa sindano. Kipimo cha kumbukumbu hakikuwa kizuri sana, atarudia baada ya miezi sita. Simhamishi kwa sasa. Juzi rafiki yake alimpitia, amerudi analalamika kwamba mwenyekiti anaongea mno.

Swali dogo: betri za hicho kifaa zinadumu muda gani?

Dada Mkubwa: Zile za kidonge, siku chache hadi wiki mbili, kutegemea ukubwa. Usibandue karatasi yake mpaka uwe tayari kuitumia, ukibandua tu imeshaanza kuisha.