Picha gani iliwaletea mtu wa kweli? Tupeane uzoefu wa kutafuta mchumba mtandaoni

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike, ana miaka 31, amejiunga Badoo na ameniomba nimsaidie kuchagua picha. Karibu zote alizonazo ni za harusini: sare, mekapu ya saluni, kabanwa katikati ya mashangazi. Amependeza, ila mtu aliyezoea picha hizo akikutana naye Kariakoo siku ya Jumanne hatamtambua. Msimamo wangu ni kwamba picha ya kwanza iwe ile sura atakayoikuta mtu siku ya kuonana. Waliopita njia hii naomba waseme.

Mpiga picha, Mwanza
Mkuu, hapo uko sahihi. Studio huwa wananijia watu wenye shida hiyohiyo. Anza na mwanga. Jua la saa saba linachimba vivuli chini ya macho na kumzeesha mtu. Msimamishe mlangoni, ndani ya kivuli, uso ukitazama nje. Ukuta mweupe mwepuke kama ngozi yake ni nyeusi, maana simu hupima mwanga wa ukuta na kuufanya uso uwe giza. Mkikosa pengine, gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga.

Halafu selfi. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba selfi ya umbali wa sentimita 30 huonyesha pua pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya mita moja na nusu. Kwa hiyo mpige wewe, rudi nyuma hatua mbili. Wadada wengi wanazichukia pua zao bure, kosa ni la umbali.

Mama wawili, Arusha
Mume wangu nilimpata Tinder. Wanaume niliokuwa nawaona humo wengi wameegemea magari. Yeye alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, fulana imelowa jasho, anacheka na mtu asiyeonekana. Nikamwandikia: "Hiyo nazi ni ya wali au ya maharage?" Akajibu ni ya samaki wa kupaka, mama yake anaumwa mgongo kwa hiyo Jumapili anapika yeye. Tukaanzia hapo. Picha ya mtu akifanya jambo analolipenda inampa mwenzake pa kuanzia. Ukiegemea gari nikuulize nini?

Bint wa Unguja
Asalaam aleikum. Kwa sisi tusiopenda sura zetu zionwe na kila mtu, Muzz, programu ya Waislamu wanaotafuta wachumba, inaruhusu picha zitiwe ukungu mpaka mwenyewe umridhie mtu. Mimi nimetumia hivyo na sijapungukiwa na wa kuzungumza nao. Waliokasirika kwamba "unaficha nini" nilishukuru kuwajua mapema.

Jirani, Nairobi
Dada wa Unguja amenikumbusha jambo. Rafiki yangu aliweka picha na mwanawe, mtoto kavaa sare ya shule. Mwanamume mmoja akamtajia shule hiyo kabla hata hajaambiwa mtoto anasoma wapi. Alizifuta zote usiku huohuo. Tafadhalini: watoto, namba ya gari, kitambulisho cha kazini, geti la nyumbani, vyote visionekane.

Kaka wa Dodoma
Mimi nilikutana na mtu aliyetumia filta kwenye kila picha. Nilimpita mezani, akaniita kwa jina. Alikuwa na makovu ya chunusi mashavuni na macho mazuri sana, ambayo filta ilikuwa imeyafanya kama ya mwanasesere. Nilikaa, tukala, tukazungumza vizuri hadi usiku. Lakini alishaona nilivyompita, na baada ya hapo hakupokea tena simu zangu. Kinachoniuma ni kwamba aliamua mapema kuwa hakuna atakayemtaka jinsi alivyo, na mimi ningemtaka.

Mwanzisha mada
Kaka wa Dodoma, pole sana. Nimemsomea mdogo wangu maneno yako, akakaa kimya, kisha akafuta zile za filta mwenyewe. Za harusi tumebakiza moja, iwe ya mwisho. Kesho asubuhi nampiga mlangoni kama mkuu wa Mwanza alivyoelekeza, na nyingine akiwa kwenye cherehani yake, maana kushona ndiyo kazi anayoipenda. Bado tunabishana kuhusu picha ya mwili mzima. Yeye ni mnene na anataka kuiacha, mimi nasema iwepo. Wadada wanene mliofanikiwa, mlifanyaje?