Ushauri: ligi mpya ya kulipwa ya softboli ya wanawake, timu nne tuziweke miji gani?

BintiMwanza

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la kikazi linalonikosesha usingizi, naomba mnisaidie.

Naishi Kansas City, kazi yangu ni kuuza tiketi za michezo. Kuna familia chache za wafanyabiashara hapa Marekani wamechanga mtaji, wanataka kuanzisha ligi ya kulipwa ya softboli ya wanawake, timu nne, msimu wa kwanza kiangazi cha 2027. Mimi nimepewa kupendekeza miji. Wao wanataka New York, Los Angeles, Dallas na Atlanta, na hoja yao ni kwamba huko watu ni wengi. Mimi nawaza miji midogo kuliko hiyo, yenye vyuo vikuu: Wichita, Lincoln, Knoxville na Tuscaloosa.

Kwa wasioujua mchezo: ni ndugu wa besiboli, ila mpira ni mkubwa zaidi, uwanja ni mdogo, mrushaji anarusha mkono ukipita chini ya kiuno, na mechi ina zamu saba badala ya tisa. Vyuo vikuu vya hapa vinaucheza kwa kiwango cha juu sana na televisheni inauonyesha. Baada ya chuo ndipo binti anakosa pa kwenda, na hilo linaniuma kwa sababu nawafahamu wasichana walioacha mchezo wakiwa na miaka 22, mikono bado ina nguvu.

Je, nisimamie miji yangu au niwafuate wenye fedha? Na kila timu iwe na mji wake tangu mwanzo, au zote zizunguke miji mbalimbali kwanza?

Kaka_wa_Edmond

Dada, simamia miji yako. Mimi niko jirani na Oklahoma City. Mashindano ya kumpata bingwa wa softboli ya vyuo yanachezwa hapa karibu kila mwaka tangu 1990, na uwanja wa Devon Park unachukua watu wapatao 13,000. Siku za fainali unajaa. Olimpiki ya 2028 ni ya Los Angeles, lakini softboli yake wameamua ichezwe hapa kwetu. Los Angeles ina mamilioni ya watu na bado mechi zinaletwa Oklahoma, kwa sababu uwanja uko huku. Waulize wenye fedha wanalionaje hilo.

Norman nako, dakika chache kutoka hapa, Chuo Kikuu cha Oklahoma kimetwaa ubingwa huo mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024. Watu wa huku wanajua nani mrushaji na nani mdakaji kama vile Dar wanavyojua vikosi vya Simba na Yanga.

Mzee_Kumbukumbu

Kabla ya miji, binti yangu, wape historia, maana wenye mtaji wengi hudhani wao ndio wa kwanza. Mwaka 1976 ilianza ligi ya kulipwa yenye timu 10. Kati ya waanzilishi walikuwemo Billie Jean King wa tenisi na mrushaji Joan Joyce. Timu ya Joyce, Connecticut Falcons, ilichukua ubingwa misimu yote minne, na 1979 ligi ikafa. Ikaja nyingine 1997 hadi 2001. Kisha National Pro Fastpitch, 2004 hadi 2021, nayo ikasimama baada ya korona kufuta misimu miwili.

Zote zilikuwa na wachezaji wazuri. Shida ilikuwa timu kuzaliwa na kufa kila baada ya miaka michache, shabiki ananunua fulana leo, mwakani timu haipo. Angalia aliyedumu: Chicago Bandits, iliyoanza 2005. Na hawakucheza katikati ya Chicago! Walitulia Rosemont, kimji kidogo karibu na uwanja wa ndege wa O'Hare, ambacho 2011 kilifungua uwanja kwa ajili ya timu hiyo na mtaa wa pale ukapewa jina la Jennie Finch, mrushaji wao nyota. Kwa hiyo swali langu kwa kila mji lingekuwa: nani hapa atatupa uwanja wa kwetu, na nani mwenyeji ataona aibu timu ikifa?

Nekesa_Houston

Mimi ni mama wa mchezaji wa miaka 14, niongee kama mnunuzi wa tiketi.

Nyinyi mtacheza Juni na Julai. Miezi hiyo sisi wazazi wikendi zote tuko barabarani na mabinti, mashindano ya klabu, hoteli, sandwichi kwenye gari. Mkiweka mechi Jumamosi mchana mnatukosa sisi hasa tunaoupenda mchezo. Wekeni Jumanne hadi Alhamisi jioni, jua likishapoa, au wekeni karibu na mji wenye mashindano makubwa ya watoto, halafu muuze tiketi kwa timu nzima na makocha wao. Binti yangu akipigiwa saini kwenye glavu na mrushaji, mwaka mzima hatazungumza kitu kingine, na mwakani mimi nitalipa tena.

Sikiliza pia habari ya maegesho na vyoo, dada. Usicheke. Familia ya watoto watatu haiendi mara ya pili mahali ilipotembea kilomita moja juani.

BintiMwanza

Mama Nekesa, sicheki kabisa. Hilo la wikendi halikuwemo kwenye karatasi yoyote niliyopewa, nimeliandika.

Mswahili_Nagoya

Huku Japani JD.League ilianza 2022, timu 16 katika kanda mbili. Timu nyingi ni za makampuni, Toyota wana yao, Bic Camera wana yao mjini Takasaki, ambako mrushaji maarufu wa Japani, Yukiko Ueno, amecheza miaka mingi. Mchezaji ni mwajiriwa, ana mshahara wa kampuni. Ndiyo maana Wamarekani wazuri, mrushaji Monica Abbott akiwemo, walikuja huku kutafuta riziki. Ligi haikutegemea tiketi pekee. Tafuteni kwanza kampuni yenye kiwanda au makao makuu katika mji, mji wenyewe utafuata.

Hesabu_Kwanza

Samahani, nitasema lisilopendeza. Ligi mpya ya nini? Ligi ipo tayari. Kampuni ya michezo ya Athletes Unlimited ilizindua ligi ya softboli ya wanawake iitwayo AUSL Juni 2025, timu nne, msimamizi wao Kim Ng aliyekuwa meneja mkuu wa Miami Marlins, timu ya besiboli, na Major League Baseball, ligi kuu ya besiboli, imeweka fedha zake humo. Msimu wa kwanza walizunguka, Rosemont, Wichita, Round Rock na kwingineko, fainali Tuscaloosa, Talons wakawafunga Bandits (timu mpya, jina lile la zamani). Baada ya kuona miji inavyoitikia ndipo wakatangaza makao ya timu sita za 2026: Chicago, Carolina, Texas, Utah, Portland na Oklahoma City. Hiyo ndiyo namna ya kuchagua soko, unaonja kwanza. Tazama na Portland: haijulikani sana kwa softboli, lakini wakazi wake wamezoea miaka mingi kununua tiketi za Thorns, timu ya soka ya wanawake.

Na wachezaji mtawapata kwa bei gani? Mwaka 2016 Monica Abbott alisaini mkataba wa dola milioni moja kwa miaka 6, lakini mshahara wa uhakika ulikuwa dola 20,000 kwa mwaka, nyingine ilitegemea mahudhurio. Lakini mrushaji NiJaree Canady, alipokuwa chuoni Texas Tech, aliripotiwa kupata zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka mmoja. Ligi mbili zikigombania wachezaji walewale, yenye fedha kidogo inakufa, na mabinti wanabaki bila mshahara katikati ya msimu. Washauri watu wako waombe nafasi ya timu moja katika ligi iliyopo.

Kaka_wa_Edmond

Kaka Hesabu, nakubali kuhusu fedha. Ila timu sita ni nafasi chache mno kwa nchi yenye mamia ya vyuo vinavyocheza. Ngazi ya pili inahitajika.

Dada, kitu kimoja kuhusu viwanja vya vyuo: Juni na Julai viko wazi, lakini chuo kina mikataba yake ya vinywaji na vifaa. Mdhamini wako akiwa mshindani wao, bango lake halitapanda. Ulizia hilo kabla ya bei ya kukodi.

BintiMwanza

Nawashukuru sana. Nimezungumza na wenye fedha jioni hii. New York na Los Angeles wameziondoa kwenye orodha. Nimewaeleza pendekezo langu jipya: tuombe mazungumzo na AUSL kwanza kuhusu timu moja, na wakikataa, tuwe ngazi ya pili ya timu nne zinazofikika kwa basi, kwa kuanzia na Lincoln na Wichita. Lincoln nimeitetea kwa nguvu: huko, jimboni Nebraska, ndiko watu 92,003 walikoingia uwanjani Agosti 2023 kutazama voliboli ya wanawake. Mji wa aina hiyo hauhitaji kushawishiwa kwamba mabinti wanastahili kiingilio.

Sharti nililoweka ni mishahara ya msimu mzima iwe benki kabla ya mechi ya kwanza. Mmoja wao amenuna, wengine wamekubali. Jumatatu naenda Wichita kuonana na wenye uwanja, na swali la kwanza litakuwa la mikataba ya vinywaji. Mwenye ndugu au rafiki anayefundisha softboli Nebraska au Kansas aniandikie faragha, nahitaji kalenda ya mashindano ya watoto ya kiangazi.