Naomba ushauri: Uundaji wa maneno ya Kiingereza kwa kidato cha kwanza

Habari za kazi walimu wenzangu. Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, shule ya kata hapa Tanzania, wanafunzi 68 mkondo mmoja. Wengi wamesoma msingi miaka 7 kwa Kiswahili.

Juzi nilifundisha kiambishi "-er": teach, teacher, drive, driver. Wakashika haraka. Kusahihisha madaftari, karibu nusu ya darasa wameandika "My mother is a good cooker". Iliniuma, maana wamefuata kanuni niliyowapa mwenyewe. Kumbe cooker ni jiko, na mpishi ni cook tu.

Ukanushi ndio mgumu zaidi. Binti mmoja aliuliza kwa nini tusiseme "unpossible". Nikamweleza kwamba "in-" mbele ya p hugeuka "im-", kama sisi tunavyosema nyumba nzuri lakini nyumba mbaya, n- ikigeuka m- mbele ya b. Uso ukamng'aa. Kesho yake akaja na unpopular, neno sahihi lenye "un-" mbele ya p, nikakwama.

Mimi naona mlinganisho na pika, mpishi, mapishi, upishi unawasaidia sana, ila mwenzangu idarani anasisitiza Kiswahili kisisikike kabisa kwenye kipindi. Nyie mnafanyaje? Pia, nianze na kanuni za viambishi, au nifundishe familia moja ya maneno kila wiki, ndani ya sentensi, kanuni zije baadaye? Kamusi tunazo 4 tu, kwa hiyo naomba mbinu inayowezekana kwa ubao na chaki. Mtihani wa muhula umekaribia, nisaidieni.