MREJESHO: Sakafu ya mbao za kujifunga imekamilika

Wakuu, niliwauliza namna ya kupanga mbao za sakafu zinazojifunga bila gundi, ili maungio ya mistari jirani yasikutane. Kazi imeisha na sakafu imetulia.

Ushauri wa kuanzia mstari mpya na kipande kilichobaki umesaidia sana, mradi kisipungue sentimita 30. Ila ukiufuata bila kuangalia, maungio huanza kupanda kama ngazi, na jicho huliona hilo mara moja. Kwa hiyo nilipanga kwanza mistari kadhaa bila kuifunga, nikachanganya mbao za maboksi tofauti na kubadilisha urefu wa vipande vya kuanzia, hadi maungio yakapishana bila mpangilio maalumu, kwa angalau sentimita 20. Hapo ndipo muda mwingi ulipokwenda, na unastahili kabisa.

Kufunga kwenyewe ni kuinamisha ubao, kuingiza ulimi (ukingo wake uliochomoza) kwenye mfereji wa ubao wa jirani, kuushusha, kisha kugonga taratibu huku umekingia kipande cha mbao. Nyundo isiguse ukingo. Pitisha kidole kwenye ungio: ukisikia kinundu, fungua urudie hapohapo.

Kando ya kuta niliacha nafasi ya milimita 10 ili mbao zipate kutanuka. Skatingi (ubao mwembamba wa chini ya ukuta) imeiziba nafasi hiyo.

Asanteni sana, mmeniokolea mbao nyingi.